Ulezi wa Mtoto wa Kambo, na Haki ya Baba Asiyekuwapo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyezaliwa hali ya kuwa baba yake amekwisha kufa, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib, wala asiitwe hata siku moja mwana wa Abu Talib. Bali ni Muhammad bin Abdallah mpaka leo na mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Alinijia chuoni mtu mmoja, mfanya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, amemshika mkono mtoto wa miaka saba. Akaniambia, "Maalim, niandikie kijana huyu." Nikafungua daftari nikamwuliza jina la mtoto, akalitaja. Nikamwuliza jina la baba yake, akataja jina lake yeye mwenyewe. Nami nilikuwa namjua mama wa mtoto na khabari zake: mume wa kwanza alimpa talaka hali ana mimba, akavuka kwenda kuvua visiwani, na tangu siku hiyo haikuja barua, wala salamu, wala senti moja. Eda ilipokwisha, na mtoto amekwisha kuanza kutambaa, ndipo mtu huyu akamwoa yule mama.

Nikamwambia, "Mwanangu, mtoto huyu si wa damu yako." Akanijibu, "Maalim, yule alimzaa akamtupa. Mimi ndiye niliyemlisha, na mimi ndiye niliyekesha naye alipoumwa na homa. Sasa wataka niandike jina la nani? La aliyekimbia?" Kijana naye amesimama, anatutazama mmoja baada ya mwingine.

Nakiri kuwa siku ile sikumpa jibu lililotimia. Hukumu naijua, kwa maana nimeisoma na kuisomesha. Lakini kuijua hukumu ni jambo moja, na kumfahamisha mtu mwema asione kuwa sharia imemdhulumu ni jambo jingine. Nikamwomba anipe siku chache. Maneno haya ndiyo jibu, nami nimeyaandika ili yawafae na wengine. Kwani mambo kama haya yamekuwa mengi katika miji yetu, huku ziwani na huko Pwani.

MAS'ALA YA KWANZA: JINA NA NASABA

Hukumu iko wazi, wala haina khitilafu. Katika Surat al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa watoto wa kupanga hawakufanywa kuwa watoto wetu wa kweli, kuwa maneno hayo ni ya vinywa tu, na ametuamrisha tuwaite kwa baba zao. Akasema pia kuwa tusipowajua baba zao, basi wao ni ndugu zetu katika dini. Na Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali mwenye kujinasibisha na asiye baba yake naye anajua.

Lakini itazame, ewe ndugu, khabari ya yule ambaye kwa ajili yake iliteremka aya hii. Naye ni Zaid bin Haritha. Alitekwa utotoni, akauzwa, akafika katika nyumba ya Bibi Khadija, naye akampa Mtume kabla ya kupewa utume. Baba yake Haritha hakumtupa. Alimlilia na kumtafuta, hata akapata khabari zake, akaja Makka pamoja na ndugu yake, wamechukua mali ya kumkomboa. Mtume akamkhiyarisha Zaid, naye Zaid akachagua kukaa na Mtume. Ndipo Mtume akatangaza mbele ya watu kuwa Zaid ni mwanawe, akawa akiitwa Zaid bin Muhammad kwa muda wa miaka mingi. Kisha ikateremka aya, akarudi kuitwa Zaid bin Haritha.

Sasa nakuuliza: ni mlezi gani aliye bora kuliko Mtume? Na ni mtoto gani aliyempenda mlezi wake kuliko Zaid, aliyemkhiyari juu ya baba yake mzazi? Kama mapenzi na malezi yangeliweza kugeuza nasaba, yangeligeuza nasaba ya Zaid. Basi tufahamu kuwa hukumu hii haikuja kuwakaripia walezi wabaya. Ilianzia kwa mlezi bora kupita wote. Wala Zaid hakupungukiwa na kitu: katika Masahaba wote, yeye peke yake ndiye aliyetajwa kwa jina katika Qurani.

Utasema: Haritha alimtafuta mwanawe, lakini huyu wetu amekimbia, mbona naye apewe heshima ile ile? Hapa ndipo penye fundo la mas'ala. Jawabu ni hili: nasaba si tunzo apewayo baba kwa wema wake, hata anyang'anywe kwa ubaya wake. Nasaba ni haki ya mtoto. Kwayo atawajua babu zake, na ami zake, na shangazi zake, nao wote hawakukimbia. Kwayo atarithi na kurithiwa. Kwayo atajua nani ni halali yake kumwoa na nani ni haramu. Ukimfutia jina la baba yake humwadhibu yule aliyeko visiwani, maana yeye hana khabari. Umemnyang'anya mtoto, naye hakukosa neno. Na je, akija akaoa mjini hapa kwa jina la uongo, na yule mke akawa ni binti wa baba yake? Kwa watu wa ziwa hili, wanaozunguka mwalo hata mwalo wakioa na kuacha, hilo si jambo la kulidhania mbali.

Tena mtoto huja akajua. Hapana siri ya namna hii iliyodumu katika mtaa. Atakapoisikia kwa jirani siku ya ugomvi, ataona kuwa yule aliyempenda kuliko watu wote ndiye aliyemdanganya. Mwambie kweli angali mdogo, kwa upole, naye atakua nayo.

Ama yeye kukwita "baba" kwa mapenzi na adabu, na wewe kumwita "mwanangu", hayo hayana ubaya maadamu watu wanajua kuwa si dai la nasaba. Mtume alikuwa akimwita Anas kwa neno la "ewe mwanangu", hali Anas ni mwana wa Malik.

MAS'ALA YA PILI: FADHILA YA BABA WA KAMBO

Wako watu wanaoisikia hukumu hii wakaifanya ngao ya ubakhili. Humwoa mwanamke mwenye watoto, kisha husema, "Hawa si wangu, wapelekwe kwao." Chakula hugawa kwa macho mawili: wake hawa wanapewa mnofu, na wale wa kambo mchuzi. Mtu huyu amechukua nusu ya hukumu na kuiacha nusu.

Tumtazame Mtume mwenyewe. Alimwoa Bibi Ummu Salama baada ya kufa mumewe Abu Salama, aliyepata jeraha katika vita vya Uhud. Bibi alikuwa na watoto wadogo, akahofu kuwa watamtaabisha Mtume, naye akawapokea wote. Mmoja wao ni Umar bin Abi Salama. Siku moja alikuwa akila naye, na mkono wa mtoto ukizunguka katika sahani. Mtume akamfundisha kumtaja Mwenyezi Mungu, na kula kwa mkono wa kulia, na kula upande ulio mbele yake. Adabu hii tunayowafundisha watoto wetu wote tangu wanapoanza kushika tonge, asili yake ni fundisho la baba wa kambo kwa mwana wa mkewe. Na aliyeipokea hakuitwa Umar bin Muhammad. Amebaki Umar bin Abi Salama katika vitabu vyote, na utukufu wake wote anao.

Kadhalika Anas bin Malik. Baba yake aliuchukia Uislamu wa mkewe Ummu Sulaim, akaondoka Madina, akafia safarini. Khabari hii haiko mbali na ya yule wa visiwani. Ummu Sulaim akaolewa na Abu Talha, na ni Abu Talha aliyemshika Anas mkono akampeleka kwa Mtume amtumikie, kwa kuwa ni kijana mwerevu. Imam Bukhari ameiweka hadithi hii katika mlango unaotaja kuwa mama na mumewe huangalia maslaha ya yatima. Katika mkono ule wa Abu Talha yamo malezi yote ya baba wa kambo: kumjua mtoto, na kumwombea kheri, na kumtafutia mwalimu bora.

Na katika mambo ambayo sharia imempa baba wa kambo ni haya. Binti wa mkewe huwa ni haramu yake milele akishamwingilia mama yake, kama ilivyo katika Surat an-Nisaa, aya ya 23. Kwa hiyo ni maharimu wake, si mgeni nyumbani. Anaweza kumpa mtoto wa kambo zawadi na mali katika uhai wake. Anaweza kumwusia mpaka theluthi ya mali yake, kwa kuwa si mrithi wake. Anayetaka mtoto wa kambo asitoke mikono mitupu siku ya mirathi, na aandike wasia leo, asiandike uongo katika cheti.

MAS'ALA YA TATU: NANI AKAE NA MTOTO

Katika madhehebu yetu ya Shafi, mama ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumlea mtoto mdogo. Akiolewa na mtu asiye na haki ya kumlea mtoto yule, haki yake huondoka, ikaenda kwa mama yake, yaani bibi wa mtoto. Lakini wanazuoni wetu wamesema kuwa baba akiridhia, na mume mpya akaridhia, mama husalia na mtoto wake. Na mtoto akifikia kupambanua mambo, kwa kadiri ya miaka saba, hukhiyarishwa kati ya baba na mama.

Msingi wa mlango huu wote ni maslaha ya mtoto. Mtume alipotoka Makka katika mwaka wa 7 wa Hijra, binti wa Hamza alimfuata, na Hamza amekwisha kufa shahidi. Wakashindana juu yake watu watatu, Ali na Jaafar na Zaid, kila mmoja ataka amlee yeye. Mtume akahukumu akae kwa Jaafar, kwa kuwa mke wa Jaafar ni khalati yake, na khalati ni mahali pa mama. Tazama, ndugu yangu: Masahaba walishindana nani achukue mzigo wa yatima, na sisi twashindana nani autue.

Sheria ya nchi haiko mbali na hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemweka mbele mtoto na maslaha yake, na imechukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba ni kheri akae na mama, mpaka ithibitike kinyume chake.

MAS'ALA YA NNE: MALI YA MTOTO

Hapa ndipo penye dhuluma kubwa kupita zote. Watu wa Mwanza hawajasahau tarehe 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba, wakafa mamia ya watu, na wengi wao wamezikwa Igoma. Wala hatujasahau tarehe 20 Septemba 2018, kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Katika misiba kama hii, na katika mitumbwi izamayo kila mwaka bila ya kutangazwa, hubaki watoto. Na baba hubakisha mtumbwi, nyavu, karabai, na pengine injini.

Matanga hayajaondolewa, ami amekwisha kuuchukua mtumbwi. Ukimwuliza atasema, "Mimi ndiye baba yao sasa." Na mume mpya akija, naye huzichukua nyavu, akasema, "Mimi ndiye ninayewalisha." Wote wawili hawana haki. Katika madhehebu yetu, walii wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyewekwa na wao, kisha kadhi. Ami hayumo katika daraja hizi, ila awe ameusiwa au amewekwa na kadhi. Baba wa kambo naye hayumo, ila kwa njia hizo hizo. Na mama, ingawa si walii wa mali kwa asili, wanazuoni wamesema kuwa akitimiza sharti ni bora kuwekwa wasii kuliko mwingine. Basi ewe mvuvi, na ewe baharia, kabla hujavuka andika wasia, umtaje utakayemwamini juu ya watoto wako, hata akiwa ni mama yao.

Na ajue kila mwenye kula mali ya yatima kwa dhuluma kuwa Mwenyezi Mungu amesema, kwa maana, kuwa anakula moto tumboni mwake. Aya hiyo ni ya 10 ya Surat an-Nisaa. Haikumtoa ami, wala haikumtoa baba wa kambo.

Ama yule aliyepotea bila ya kujulikana yu hai au amekufa, mali yake haigawanywi kwa dhana za watu. Husubiriwa mpaka upatikane ushahidi wa kufa kwake, au upite muda ambao mfano wake haishi zaidi ya hapo, na kadhi akahukumu. Na watoto wake hulishwa katika mali yake. Akiwa hana mali, na babu hayupo, kuwalisha ni juu ya Waislamu, na mume wa mama akiwalisha kwa hiari yake, ujira wake uko kwa Mola wake.

MAS'ALA YA TANO: KUOZESHA

Baba wa kambo amlea binti miaka kumi na mitano, kisha siku ya nikahi aambiwa, "Wewe si walii." Hapana neno linalomwuma zaidi. Lakini uwalii wa ndoa wafuata nasaba, nao ni wa baba, kisha babu, kisha ndugu, kisha wana wa ndugu, kisha ami na wanawe. Baba akiwa mbali kwa masafa ya kukusuru sala, katika madhehebu yetu uwalii haushuki kwa aliye chini yake; kadhi ndiye anayeozesha. Na leo simu inafika hata visiwani: baba akipatikana, na sauti yake ikajulikana kwa yakini, aweza kumwakilisha mtu amwozeshee. Hakuna kinachomzuia kumwakilisha yule yule aliyemlea binti, akiwa ametimiza sharti. Hivyo hukaa mbele ya kadhi akaozesha kwa wakala, na haki ya kila mtu imebaki mahali pake.

KHABARI YA MAHAKAMA

Wako wanaouliza juu ya kuasili mtoto kwa amri ya Mahakama Kuu, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Amri ile humfanya mtoto, mbele ya sheria ya serikali, kuwa kama aliyezaliwa na aliyemwasili. Mwislamu ajue kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu nasaba haikugeuka, wala mirathi haikugeuka. Akitaka kinga ya sheria juu ya mtoto, kwa shule au hospitali au safari, na aombe ulezi, maana ulezi ndio unaowafikiana na dini yake. Na sheria hiyo hiyo imempa mtoto haki ya kuwa na jina na kuwajua wazazi wake waliomzaa. Mkataba wa mataifa juu ya haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake kuwa ni njia mojawapo ya kumlinda mtoto. Na Zanzibar imeiingiza kafala katika Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2011. Basi asidhani mtu kuwa kafala ni jambo la kizamani lisilojulikana na watawala.

KWA BABA ALIYEKIMBIA

Nawe uliye kisiwani, au mgodini, au katika mji wa mbali, ukijua kuwa umeacha mtoto: usifurahi kwa kuwa jina lako limehifadhiwa. Halikuhifadhiwa kwa ajili yako. Kila aitwapo mtoto yule kwa jina lako, ni shahidi anayesimama juu yako. Chakula chake ni deni la wajibu wako, na yatosha kuwa dhambi ya mtu kumpoteza anayemtegemea kwa riziki. Rudi, au peleka. Na ukirudi, mshukuru aliyelea, usije na kelele za haki ya baba hali hukutimiza wajibu wa baba.

KHATIMA

Yule mfanya biashara ya dagaa alirudi baada ya siku nne. Nikamsomea haya kwa ufupi, na nilipofika kwa Zaid alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Maalim, andika jina la baba yake." Nikaliandika. Chini yake, palipo na nafasi ya mlezi, nikaandika jina lake yeye. Akaniuliza, "Na hili la chini lina thamani gani mbele ya Mungu?" Nikamwambia kuwa Mtume ameahidi kuwa yeye na mlezi wa yatima watakuwa pamoja Peponi kama vidole viwili. Mtoto yule si yatima kwa lafudhi, kwa kuwa kufa kwa baba yake hakukuthibiti. Lakini nataraji kwa Mola Mkarimu kuwa aliyemlea asiye na baba wa kumwangalia hatanyimwa ujira kwa sababu ya lafudhi.

Akamwachia mtoto mkono, mtoto akaingia kukaa na wenziwe kwenye mkeka. Saa ya kutoka ilipofika, mtoto alimwona mlangoni, akamkimbilia akimwita, "Baba!" Sikumkataza.

Ewe Mola, waongoze baba walioghibu, uwalipe waliolea, na uwahifadhi watoto wa Waislamu katika nasaba zao na mali zao na dini yao. Amin.